Maswali Yenu: Kabla Hujamsaidia, Muulize Mwenyewe

Habari zenu wasomaji wangu wa Kigoma, Tabora na popote mnapotusoma. Mwezi huu meseji zimekuja nyingi kuhusu jambo moja mpaka nikaona safu nzima iwe yake, wanawake wenye ulemavu. Nyingine mmeandika wenyewe, nyingine wameandika ndugu zenu. Mi mnanijua, natembea kwa magongo tangu nina miaka minne, ilikuwa polio, na nashona nguo hapa Mwanga, Kigoma, kwahiyo haya siyasomi kwenye karatasi tu. Majina nimeyaficha yote, na maneno nimeyapunguza kidogo yaenee.

*

"Dada shikamoo. Niko Ujiji, natumia baiskeli ya miguu mitatu ile ya kuzungusha kwa mkono. Tuko wanawake sita, wawili hawaoni, mmoja kiziwi, sisi watatu ni miguu. Kila Jumamosi tunachanga elfu mbili mbili. Tunataka kuchemsha sabuni ya mawese na kununua dagaa Kibirizi tuuze kwa jumla. Tulivyoulizia mkopo wa halmashauri tukaambiwa nyie ni wanawake jiungeni na kikundi cha wanawake cha mtaa. Tukajiunga. Sasa kila kikao tunaambiwa nyie kaeni tu msihangaike, mgao wenu utaletwa. Mpaka leo hatujauona. Tufanyeje? – Wa Baiskeli, Ujiji"

Marahaba mdogo wangu. Kwanza mrudi kwenye Jumamosi zenu, kikundi mnacho tayari, hamkuwa na haja ya kwenda kukalishwa kwa watu.

Iko hivi. Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba, na hiyo 10 imegawanywa, asilimia 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu. Hii imo kwenye sheria tangu 2018, sio hisani ya afisa fulani. Ile asilimia 2 ni yenu, inasimama peke yake, haipiti kwa kikundi cha wanawake cha mtaa. Na masharti yake walishayalegeza, mwanzo watu wenye ulemavu walitakiwa wawe watano kwenye kikundi, ikashushwa wakawa wawili, na hata mmoja peke yake anaruhusiwa kuomba. Nyie mko sita! Kama mlisikia mikopo imefungwa, ni kweli ilisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ya vikundi hewa na pesa zisizorudishwa, lakini 2024 ikafunguliwa upya kwa utaratibu mpya, na ndo maana siku hizi wanakagua sana kama kikundi kipo kweli. Kwahiyo muwe na katiba, akaunti, muhtasari wa kila kikao na daftari la hizo elfu mbili mbili, halafu mwende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, mwende wote sita sio mtume mtu mmoja anayetembea vizuri, maana akienda yeye peke yake mle ofisini wataona mtu mmoja, hawataona kikundi. Kama ofisi ina ngazi mwambieni atoke nje aje awasikilize, na siku hiyohiyo mwandike barua ya kuomba njia ya kupita baiskeli. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inadai majengo ya huduma kwa umma yafikike.

Lakini kuna kitu nataka nikuulize na usinichukie. Huyo mwenzenu kiziwi, kwenye hizo Jumamosi anajua mnachojadili? Nani anamtafsiria? Maana nimeona vikundi vyetu wenyewe tunamfanyia kiziwi yaleyale tunayolalamika kufanyiwa, tunamwonyesha kidole gumba kuwa mambo safi, anaitikia kwa kichwa, tunaandika kwenye muhtasari wote tumekubaliana. Hajakubali chochote, hajaulizwa. Tafuteni mtu anayejua lugha ya alama, muulizeni CHAVITA, chama cha viziwi, na mkikosa kabisa na kama anasoma basi mmoja wenu aandike kila hoja anavyoizungumza mtu, mpeni daftari na yeye aandike yake.

Kuhusu biashara, mi ningeanza na sabuni. Mawese hapa kwetu yapo, na sabuni unaichemshia nyumbani hata kama umekaa. Dagaa mnajua wenyewe, mbalamwezi ikiwaka hakuna mzigo bei inapaa, na mwaka 2024 si mnakumbuka uvuvi wa ziwa letu la Tanganyika ulivyofungwa toka katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, watu wa Kibirizi na Katonga walikaa wanaangaliana. Mkopo hausubiri ziwa lifunguliwe, marejesho yanadaiwa tu. Sabuni kwanza, dagaa mwongeze mkishasimama.

*

"Dada habari. Naandika kutoka Kasulu vijijini. Mdogo wangu ana miaka 19, ni kiziwi tangu kuzaliwa na shule hakupelekwa, tunaongea naye kwa ishara zetu za nyumbani. Wiki iliyopita jirani yetu alimkuta shambani peke yake akamwingilia kwa nguvu. Alirudi analia akanionyesha kila kitu, mtu mwenyewe anamwonyesha kwa kovu la shavuni. Wazee wa ukoo wamekaa na yule jirani wamesema atoe mbuzi wawili yaishe, maana hata tukienda polisi huyu hawezi kusema, kesi haina shahidi. Mama naye anaona aibu. Mi nalala silali. – Dada Mtu, Kasulu"

Dada yangu, nimeisoma hii nikaacha cherehani. Pole sana, na mpe mdogo wako pole yangu kwa zile ishara zenu.

Umefanya kitu kikubwa, ulimwamini siku ileile. Sasa nisikilize.

Mbuzi hawamalizi kesi hii. Kubaka ni kosa la jinai, mshtaki ni Jamhuri, na adhabu yake kwa sheria yetu haipungui miaka 30 jela. Mzee wa ukoo hana mamlaka ya kulifuta, na wala hao mbuzi hawakuwa wa kupokelewa na yeye, maana aliyeumizwa sio ukoo. Kuna mtu alimuuliza mdogo wako anataka nini? Wamekaa wazee, amekaa mama, amekaa jirani mwenyewe, na mwenye mwili wake alikuwa jikoni.

Nendeni hospitali kabla ya kitu kingine. Najua ni wiki imepita. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinataka zianzwe ndani ya saa 72, na hilo nawaandikia wote mnaosoma mlikumbuke, saa 72, siku tatu, na ukiwahi zaidi ndo bora. Hizo zimeshapita kwa mdogo wako lakini bado kuna vipimo, kuna magonjwa mengine ya zinaa yanatibika, kuna kupima mimba, kuna majeraha, na yote yanaandikwa na daktari na yale maandishi yanakuja kuongea mahakamani. Nguo alizovaa siku ile kama hazijafuliwa ziwekeni kwenye mfuko wa karatasi, msifue. Wewe ukiwa naye hospitali, mtu mwingine mnayemwamini aende polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, muombe matibabu yaanze wakati fomu inafuatwa.

Halafu hilo la "hawezi kusema". Sheria ya Ushahidi ya nchi hii inasema shahidi asiyeweza kuongea anaweza kutoa ushahidi kwa kuandika au kwa ishara, na ishara zake zinahesabika kama ushahidi wa mdomo. Kwahiyo shahidi mnaye. Kazi iliyopo ni kumpata mkalimani sahihi, na hapa muwe makini kwa sababu mdogo wako hakusoma, ishara zake ni za nyumbani kwenu, mkalimani wa lugha ya alama akitoka mjini anaweza asimwelewe vizuri, halafu mtu akaandika kuwa binti hajielewi au ana tatizo la akili. Nimeona hilo likitokea na kesi ikafa. Mwambieni polisi mapema kabisa, huyu hana lugha ya alama ya shule, anatumia ishara za nyumbani. Waombeni CHAVITA, ikiwezekana aje mkalimani pamoja na kiziwi mtu mzima aliyezoea kuongea na viziwi ambao hawakusoma, maana wale wanaelewana wao kwa wao haraka kuliko sisi tunavyodhani. Wewe ukae pale kusaidia ishara moja moja ambazo ni za kwenu tu, ila usijibu kwa niaba yake. Najua unamjua kuliko mtu yeyote. Ukijibu wewe, wakili wa yule jirani atasema maneno ni ya dada.

Na usimlazimishe. Mwonyeshe hospitali, mwonyeshe polisi, mwonyeshe kitakachotokea, muulize, msubiri ajibu. Kama anaogopa kukaa jirani na yule mtu, basi mtafutieni pa kukaa kwa shangazi au kwa nani, lakini na hilo pia achague yeye.

Mama yenu mpe muda. Aibu anayoiona sio yake wala ya binti, siku moja mkae mumwambie hivyo wakati mko jikoni wawili, sio mbele ya wazee.

*

"Dada mi nina mimba ya miezi mitatu, natembea kwa gongo moja, niko Kibondo. Kliniki sijaenda. Rafiki yangu mwenye ulemavu alivyoenda aliulizwa mbele ya watu nani kamfanyia hivi. Naogopa. – Mama Mtarajiwa"

Mwanangu, hongera!

Na mi niliulizwa. Miaka mingi imepita, kituo sikitaji, nimekaa kwenye benchi na magongo yangu pembeni, nesi akasema kwa sauti, hata wewe ulitafuta nini huko, huyo mwanaume hakukuhurumia? Benchi zima likaniangalia. Nilinyanyuka nikarudi nyumbani na sikwenda tena mpaka mwezi wa saba, na pale ndo ikaja kujulikana nyonga yangu upande mmoja ni nyembamba, mtoto hapiti, nikakimbizwa kupasuliwa usiku. Tulipona wote wawili. Lakini ile miezi minne niliyokaa nyumbani kwa aibu ya neno la mtu mmoja, bado inaniuma hadi leo.

Kwahiyo wewe nenda wiki hii. Nenda na mtu, mume wako au dada au mama mkwe, mtu ambaye hanyamazi. Ukifika waambie ulemavu wako umetokana na nini na ulianza lini, kama ni polio ya utotoni au ulivunjika, waombe daktari aangalie nyonga mapema ili ijulikane kama utazalia hapo au utapelekwa hospitali kubwa. Polio uliyougua utotoni mtoto hairithi, usimruhusu mtu akutishe na hilo. Uliza kitanda cha kupimia kina urefu gani, ni kirefu kweli vile vitanda, na mtu wa kukusaidia kupanda awe nani, akushike wapi, useme wewe. Mimba ikikua uzito unasogea mbele na gongo moja linaweza lisitoshe, omba la pili kabla hujaanguka. Usafiri wa siku ya kujifungua upange sasa hivi, na gari sio bodaboda.

Nesi yeyote akikwambia maneno kama yale, uliza jina lake kwa upole, halafu mwende kwa mganga mfawidhi na huyo uliyekuja naye. Huduma ni haki yako na heshima ni sehemu ya huduma.

*

"Kaka wa bajaji hapa Gungu. Nina abiria wangu mmama wa kitimwendo, nampenda sana kama mama yangu, huwa namnyanyua tu namweka ndani haraka asichelewe, juzi alinikasirikia sana akasema mi sio gunia. Nimekosea wapi?"

Kaka yangu umekosea hapo pa kunyanyua bila kuuliza, na una moyo mzuri ndo maana umeandika. Mwambie, mama shikamoo, nikusaidieje leo? Kuna siku anaweza kuhama mwenyewe kutoka kwenye kiti, anataka tu umshikie kiti kisiteleze. Kuna siku atataka umshike kwapani na siku nyingine hataki kabisa. Kiti chake usikisukume bila yeye kujua, kile kwake ni miguu. Na usimtajie bei kwa kumwangalia aliyekuja naye.

*

"Mama naomba msaada, ananiandikia mjukuu wangu. Niko Uvinza, sioni tangu ukubwani. Baba alituachia shamba la michikichi, kaka zangu wamepata mteja. Wamesema mi kipofu nitalima na nini na isitoshe ni mwanamke, shamba ni la ukoo. Wameleta karatasi wanataka niweke dole gumba, wanasema ni ya kuandikisha shamba tu. – Bibi wa Michikichi"

Bibi shikamoo. Dole usiweke. Hata wakilia, hata wakikuletea kitenge.

Hiyo karatasi mwombe mjukuu wako aisome yote mbele yako neno kwa neno, na kama hao kaka zako wamemtisha mpaka akaogopa, basi aipeleke kwa mwalimu wa shule au kiongozi wa dini yenu, mtu utakayemchagua wewe. Kama kweli ni ya kuandikisha tu, hawatakataa isomwe.

Sasa kuhusu hilo la kipofu na mwanamke. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, kifungu cha 20, imewataja wenye hali kama yako. Inasema mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu kumiliki, kukaa au kutumia ardhi ni batili. Umeingia mara mbili kwenye kifungu kimoja bibi yangu, mjukuu akiandike kwenye karatasi mkae nacho. Na kabla hata ya sheria hiyo, mwaka 1990, kuna mama wa kule Kagera, Holaria Pastory, aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake, mpwa wake Bernardo Ephrahim akaenda mahakamani kusema mwanamke haruhusiwi, na Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu kule Mwanza akasema mwanamke ana haki sawasawa na mwanaume wa ukoo. Kesi hiyo mawakili wanaitaja mpaka leo.

Nenda kwenye serikali ya kijiji useme mbele yao kuwa shamba lina mgogoro na wewe ni mrithi hujakubali kuuza, waandike kwenye muhtasari, na huyo mteja apelekewe habari hiyo. Shamba la kijiji kulihamisha kunapitia halmashauri ya kijiji, kwahiyo wakishajua hawawezi kusema hawakujua. Kuna baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe saba, na sheria inataka watatu wawe wanawake, waulizie hao akina mama kwanza. Kama mirathi ya baba haijafunguliwa, inafunguliwa Mahakama ya Mwanzo, na akiteuliwa msimamizi bila kukuhusisha una haki ya kuweka pingamizi. Wasaidizi wa kisheria wapo hata wilayani na kwa mtu asiye na uwezo hawatozi pesa, waombe wakusomee kila kitu kwa sauti na usiweke alama yoyote kwenye karatasi ambayo hujasomewa na mtu wako.

Na ile hoja ya utalima na nini, kaka zako wanajua fika kuwa mchikichi hauhitaji macho ya mwenye shamba. Unaweza kuwapa watu wakate ngazi, ile mikungu ya chikichi, kwa makubaliano, mgawane mafuta, au ukodishe miti kwa msimu, wengi wanaoona wanafanya hivyohivyo. Neno kipofu nalo bibi ukipenda litumie, ni lako, lakini mi nitakuita asiyeona, maana hili neno na kilema yanaanza na ile ki- ya vitu, yanatuweka kwenye fungu moja na kiti na kikapu.

Mjukuu, we unayeandika, asante. Nitumie meseji mkishatoka serikali ya kijiji, uniambie walivyomjibu bibi.